Mdogo wangu wa Kiboriloni, usizifute zile meseji

Mdogo wangu,

Umeniruhusu niyaandike haya hadharani bila kukutaja jina, nakushukuru.

Siku ile nilikuwa sokoni Kilombero, hapa Arusha, napimiwa maharage, meseji ikaingia. Kufungua tu, picha yako ya kitambulisho, na juu yake maandishi mekundu: TAPELI. Nikaagizwa nikwambie ulipe kabla ya saa kumi. Mkono ulinitetemeka hadi muuzaji akaniuliza kama kuna msiba. Jioni ndipo nikajua mama mkwe wako kule Rombo ameipata hiyohiyo, na mwenyekiti wenu wa kwaya pia. Yote kwa mkopo wa Sh 60,000 uliouchukua kwenye programu ya simu, na wewe mkononi ulishika Sh 42,000 tu!

Unamkumbuka yule mzee mkopeshaji wa daftari? Riba yake ilikuwa ya kuumiza, lakini alikuwa na mlango. Alipobeba cherehani ya jirani yetu, mwenyekiti wa mtaa alikwenda kuugonga, na cherehani ikarudi. Hawa kausha damu, wakopeshaji wa kunyonya wa kwenye simu, tukawagongee wapi? Namba iliyokutukana ukiipiga leo haipatikani.

Usidhani hakuna sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu 69 zilizokopesha bila leseni. Lakini duka ukilipiga kufuli, limefungwa. Programu ikifungiwa, mwenyewe anaweza kuirudisha kwa jina jipya na rangi nyingine, akiwa amekaa nchi ambayo askari wetu hana amri nayo. Na namba za ndugu zako zilishachotwa siku ile ulipobonyeza "ruhusu". Hata hakimu akiamuru zifutwe, nani atakwenda kuhakikisha? Hapo ndipo panaponiuma.

Shoga zako wanakushauri ufute kila kitu usahau. Usifute hata moja. Mwenye namba anaweza kupotea, lakini alichokuandikia unacho wewe, pamoja na risiti za kulipa. Panda basi la asubuhi Jumatatu uje na simu hiyohiyo. Tawi la Benki Kuu lipo hapa Arusha, tutakwenda wote, na polisi tutapita.

Mama mkwe nimeshampigia. Ile picha hakuiamini. Aliuliza tu kama unakula.

Dada yako