Vipimo vya theluji viandikwe kamili

Mhariri,

Kila majira ya baridi kurasa za michezo huleta habari za maporomoko ya theluji yaliyowafukia watelezaji nje ya njia zilizosawazishwa, na mara nyingi habari huishia kwa kuwashauri wasomaji wapime theluji kabla ya kushuka. Shauri ni jema, ila halimfai mtu asiyeelezwa anapimaje. Vipimo hivyo ni matunda ya utafiti wa miaka mingi, na kila sentimita iliyomo ina sababu yake. Tunaomba viandikwe kamili.

Hatari huanzia kwenye tabaka dhaifu. Ardhi iliyofunikwa na theluji hukaa karibu na nyuzijoto 0, huku uso wa theluji ukipoa mno usiku usio na mawingu. Tofauti ikizidi takriban nyuzijoto 1 kwa kila sentimita 10 za kina, mvuke hupanda kutoka kwenye punje za chini na kuganda kwenye za juu, na punje hugeuka chembe zenye pembe kali zisizoshikana. Katika maabara ya baridi ya Montana State University, mjini Bozeman, watafiti huweza kuotesha chembe za namna hii chini ya taa zinazoiga jua. Theluji nzito iliyoshikamana ikizilalia kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45, uzito wa mtelezaji mmoja waweza kutosha kuiporomosha.

Kipimo cha nguzo pana, walichokitambulisha watafiti wa maporomoko Ron Simenhois na Karl Birkeland mwaka 2006, hufanywa hivi. Chagua mahali salama panapofanana kwa mwelekeo na mwinamo na mteremko unaoukusudia. Chimba, kisha tenga nguzo ya theluji ya sentimita 90 kukatisha mteremko na 30 kuelekea juu. Upande wa nyuma ukatwe wote kwa kamba yenye mafundo. Ukiachwa umeshikana, nguzo hubebwa na theluji ya jirani na jibu huwa la uongo. Laza bapa la beleshi kwenye ncha moja, uligonge mara 10 ukichezesha mkono kutoka kifundo, 10 kutoka kiwiko, kisha 10 kutoka bega. Ufa ukianza na kuvuka nguzo nzima kwa pigo lile lile au linalofuata, usishuke. Wengi hukosea hapa: hutazama idadi ya mapigo tu, wakadhani ufa uliosubiri pigo la 25 ni dalili ya uimara. Kinachoua watu ni ufa kusafiri.

Kipimo hiki kina mipaka, nayo huachwa nje ya magazeti. Tabaka likiwa chini zaidi ya mita 1, nguvu ya mapigo haifiki. Hapo ndipo kinapofaa kipimo cha msumeno cha University of Calgary, chuo cha Kanada ambacho utafiti wake wa maporomoko umesaidiwa kwa fedha na kampuni zinazowapandisha watelezaji kwa helikopta. Nguzo huwa na upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 1 kuelekea juu, au zaidi tabaka likiwa la kina zaidi. Mgongo wa msumeno, si meno, husukumwa ndani ya tabaka kutoka chini kwenda juu. Ufa ukiutangulia msumeno kabla ya nusu ya nguzo na kufika mwisho, mteremko si wa kuaminiwa.

Hata chumvi inayomwagwa kwenye njia za mashindano huandikwa nusu nusu. Hugandisha theluji yenye unyevu kwa sababu kuyeyuka kwake hufyonza joto. Juu ya theluji kavu haisaidii.

Mkichapisha vipimo hivi, pembeni yake andikeni kwamba jibu jema la shimo moja halithibitishi usalama wa mteremko mzima, kwani upepo hubadilisha unene wa tabaka ndani ya mita chache. Na msomaji atakayepima alipeleke jibu lake kwa watabiri wa maporomoko wa eneo hilo, pamoja na kina cha tabaka lililovunjika, aina ya punje, mwinamo, mwelekeo na mwinuko. Pasipo hayo, idadi ya mapigo peke yake haiwafai kitu.

Wasomaji wenu