Somo, Bibi amekikataa kitabu chako

Mikindani, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salama lakini? Huku wazima, joto tu ndo linatutoa roho, upepo wa bahari umegoma tangu juzi, na mtaa mzima unanuka mabibo mana msimu umeanza na watoto wanapita nayo kwenye ndoo asubuhi na jioni. Najua utashangaa barua ndefu hivi wakati simu zipo, ila we ukiwa kwenye simu unasahihisha madaftari huku unaniitikia mhu mhu, na hili nataka ulisome umekaa. Alafu kuna sababu nyingine ya kuandika leo hii hii, ntakwambia huko mbele.

Kwanza Nagona yako. Nimeisoma mwenyewe kwa siku mbili, nilivyoona kembamba nikasema hapa nimepata cha kumaliza chapuchapu, wapi! Nimefika mwisho nikarudi mwanzo. Sio kwamba kibaya, kuna sehemu unasoma unahisi kama umeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine na mwenyewe hayupo wa kukuonyesha mlango, ila ukiniuliza kinahusu nini natoa macho tu. Na ni Kezilahabi yuleyule wa Rosa Mistika, yaani mwaka 1971 mtu kaandika kitabu ambacho hata muuza nyanya pale sokoni anakifuata neno kwa neno, alafu 1990 huyo huyo anakuja na hii. Bas nikasema ngoja nimsomee Bibi, labda yeye ana masikio ya namna hiyo. Ukurasa wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu akanyoosha mkono, akauliza, "Huyu aliyeandika alikuwa na homa?" Nikamwambia Bibi huyu alikuwa profesa wa chuo kikuu. Akasema na maprofesa wanaumwa vilevile. Kesi ikaisha hapo. Kitabu chako nakurudishia, mi ntakiazima tena siku nikiwa peke yangu, ila Bibi ukimtajia tu anavuta khanga yake kichwani.

Ile habari ya kumsomea nilishakusimulia nusunusu, haukuijua ilikoanzia. Unakumbuka ile Mei 2024 kilipopita kimbunga Hidaya na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga? Nilikuwa ndani ya basi, natoka Dar. Tumekaa pale hatuendi haturudi, simu zimezima chaji, maji ya kunywa ya kugawana, na mi kwenye mkoba nina ile riwaya ya Utengano tu. Pembeni yangu mama mmoja mtu mzima anaenda Masasi, akaniona nasoma huku nasonya, akaniambia mwanangu si usome kwa sauti na sisi tusonye. Nikaona aibu kwanza. Nikaanza kwa sauti ya chini, siti ya nyuma wakasema hatusikii, nikapandisha, mpaka jua linazama nusu ya basi inamsubiri Maimuna atatokaje kwenye ile nyumba aliyofungiwa na baba yake. Ukaanza ubishi sasa! Wanaume wa nyuma wanasema mtoto ndo mwenye makosa, yule mama wa Masasi akageuka mzima mzima akawaambia Maksuudi, baba mtu, mnamuona lakini, au mnamuonea haya kwa sababu ana kanzu? Konda alicheka mpaka akakaa chini. Somo, mi Utengano nilikisoma sekondari kwa ajili ya mtihani, dhamira, maudhui, mbinu za kisanaa, najaza karatasi napata alama zangu. Sikuwahi kujua kuwa kinachekesha. Sikujua kama kinauma vile pia.

Nilivyofika nyumbani nikamkuta Bibi anashika gazeti la zamani analigeuza geuza, mtoto wa jicho ameshamziba macho yote na upasuaji anauogopa kuliko kaburi. Nikakaa nikaanza kumsomea. Tangu hapo kila baada ya magharibi tunatandika mkeka barazani, umeme ukiwepo taa, ukikatika tochi ya simu, mbu wanatumaliza lakini tunasoma. Mwanzo tulikuwa wawili. Sasa hivi anakuja jirani yule fundi baiskeli, anakuja mkwe wake, wanakuja watoto wanaojifanya wanacheza mdako ila masikio yako huku, na yule muuza ming'oko, vile viazi vya porini, akibakiza mzigo anakaa nao hapo hapo, tunatafuna kwa chumvi na pilipili mambo yanaendelea.

Fundi yeye mtu wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni. Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale, kile cha mwaka 1960, sasa amekuwa kama kichaa, hata ukiibiwa kuku mtaani utamsikia anasema subirini tufikiri kama Bwana Msa, alafu anaweka mkono mdomoni kama ameshika kiko. Ukiwa na Kisima cha Giningi niazime, ntamziba mdomo miezi miwili.

Rosa Mistika ilinipa shida. Si unajua mambo ya mle, mpaka serikali iliwahi kukizuia mashuleni, na mimi nipo barazani mbele ya bibi yangu na mkwe wa watu. Nikawa nikifika pale naruka. Naruka aya, naruka ukurasa, nasoma kwa mwendo wa kuruka mitaro. Siku ya tatu Bibi akanisimamisha. Akasema, "Jana huyu mtoto alikuwa bikira, leo analia, hapo katikati palikwenda wapi?" Kimyaaa. Fundi akajifanya anatafuta kiatu. Bibi akasema nimezaa saba, rudi nyuma usome. Nikarudi nikasoma, sauti inatetemeka, na wallahi hakuna aliyecheka. Alipoelewa vizuri akamlaani yule baba Zakaria na pombe zake kwa maneno siwezi kuyaandika, akasema angekuwa mwanaume wa hapa Mikindani angemfuata mwenyewe na mchi. Kwaiyo sasa siruki tena. Weka hiyo akilini, ndo inakuja kunikaba huko mbele.

Na Kinjeketile, ile tamthiliya ya vita vya Maji Maji, je? Hiyo ndo ilileta fujo kubwa. Si unajua Bibi kwao Kipatimu, Mmatumbi hasa, kaja Mikindani kwa kuolewa. Mi nikaona nimempatia, nikamwambia hii kaandika Ebrahim Hussein, mtoto wa mkoa wenu huo huo wa Lindi, ilitoka mwaka 1969 na mpaka leo inaigizwa. Pale mwanzo wale wanawake wawili wanavyolalamika chakula hakuna na waume zao wako kwenye shamba la pamba la Mjerumani, Bibi anatikisa kichwa, ndivyo, ndivyo hasa. (Kuna mmoja anaitwa Kitunda, watoto wakauliza ndo kule Lindi kunakovukwa na feri? Nikawaambia ulizeni somo yangu anakaa huko.) Ila tulivyoingia kwa Kinjeketile mwenyewe, Bibi kila mistari mitano ananikata. Hakuwa hivyo. Hakusema hivyo. Nikamweleza kwamba mwandishi mwenyewe alishasema huyu ni Kinjeketile wa mchezo, sio lazima awe yule wa historia. Akajibu, sasa kwanini ametumia jina la watu? Hapo hata mi sikuwa na jibu, labda we mwalimu unalo.

Ndipo akaanza kusimulia yeye. Bibi yake alikuwa kigori mwaka 1905, watu walipong'oa pamba kule Nandete na vita vikaanza. Anasema bibi yake hakupenda kuongelea mapigano, alikuwa anaongelea njaa, Wajerumani walivyochoma maghala na mashamba, watu wakala mizizi, wakafa njiani wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mpaka muuza ming'oko akaacha kutafuna. Tumebaki na tamthiliya haijaisha wiki nzima, kila jioni anaendelea na yake, na mi nimeanza kuyaandika kwenye daftari, kurasa kumi na nne mpaka sasa, ukija ntakuonyesha ila usinisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Peponi.

We ulikisoma kwa Kiingereza chuo, Paradise, kile cha 1994, na uliniambia nisihangaike na tafsiri mana utamu wa huyo Abdulrazak Gurnah uko kwenye Kiingereza chake. Somo, tutagombana. Mi nilinunua ya Kiswahili, aliyotafsiri Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, mwaka mmoja tu baada ya ile Nobel yake Gurnah, na nakwambia kwenye lile baraza hakuna mtu aliyejua kama kilianza kwa lugha nyingine. Hawa watu wa mle wanaongea kama sisi. Wanasalimiana kama sisi, wanatukanana kama sisi. Khalil akianza kumcheka Yusuf pale dukani na kumwambia yule tajiri sio mjomba wako, fundi kaniambia rudia, rudia hapo. Kama utamu uko kwenye Kiingereza basi ulikuwa umeenda matembezi, umerudi nyumbani.

Neno rehani sikuhitaji kumweleza mtu. Nilivyosoma kwamba huyo Yusuf, mtoto wa miaka kumi na mbili, ametolewa na baba yake kwa tajiri kwa sababu ya deni, Bibi akapiga kofi paja akasema, "Wamemuweka rehani." Kabla kitabu hakijasema. Na huku kwetu si unajua, korosho zinawekwa bondi zikiwa bado maua, mtu anakula hela ya msimu ambao haujafika, kwaiyo lile deni lilikaa pale barazani kama mtu na mkeka wake. Mkwe wa fundi aliondoka bila kuaga.

Tatizo ni hili. Tangu siku ya kwanza Bibi ameshaamua kwamba Yusuf atarudi kwa mama yake. Ameshaapa. Kila jioni anauliza, bado hajarudi? Akipandishwa msafara wa bara, Bibi anasema huko atapata hela ya kujikomboa. Akiugua mtu kwenye msafara anasema mtoto hatoguswa, ana dua ya mama. Na we unajua mwisho wake, mana umesoma. Mi nimechungulia jana usiku peke yangu, nimemaliza, nimelala saa nane. Hakuna mama pale mwisho, somo. Kuna askari wa Mjerumani wanapita na Yusuf anakimbia kuwafuata, bas.

Na zimebaki kurasa kama sita.

Nimewaza kuruka, lakini ndo hivyo, atajua. Nimewaza kutunga, nimrudishe mtoto nyumbani kwa maneno yangu mwenyewe, hata sentensi ya kwanza nimeshaipata kichwani na ni nzuri, alafu nikamkumbuka anavyoniuliza pale katikati palikwenda wapi. Leo nimejifanya kichwa kinauma. Ndo nimekuja kukuandikia.

Kwaiyo naomba kile Vuta N'kuvute changu, na usinune, mwaka wa tatu huu, ulisema wiki mbili. Namtaka Yasmin hapa haraka, yule angalau anamkimbia mumewe mzee Raza tukimuona, watu wapate kushangilia kidogo tukitoka huku. Usingoje kuja mwenyewe, mpe konda wa kosta ya asubuhi, mfunge kwenye mfuko wa nailoni mana wanaweka mizigo pamoja na samaki, na uniandikie namba ya gari. Mi nakutumia Nagona yako kwa njia hiyo hiyo pamoja na kilo mbili za korosho za kubangua mwenyewe, zingine zimevunjika, mikono yangu sio ya kiwanda.

Na uniambie we ungesomaje zile kurasa sita. Usiniambie kwa mwanafunzi, niambie kwa bibi yako.

Anagonga fimbo. Fundi ameshawasha taa, nasikia anamwambia Bibi kichwa changu kitakuwa kimepona sasa hivi.

Somo yako