Kompyuta kuukuu: pimeni betri kabla ya kulaumu ubao

Mhariri,

Tangu msaada wa Windows 10 ukome Oktoba 14, 2025, mashine za zamani zinabadilishwa mfumo, zinazimika katikati ya kuwaka, na mwenye mali anaambiwa ubao mama, ule unaobeba sehemu zote za kompyuta, umekufa. Haraka ya nini?

Pima kwanza betri ya saa, CR2032, ile kama sarafu. Mpya ina volti 3, ikifika 2.7 hivi, badilisha. Ikiisha, BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta) husahau mipangilio: tarehe inarudi nyuma miaka, na diski iliyowekwa kwenye AHCI inaweza kujikuta kwenye RAID (ni njia mbili tofauti za kompyuta kuzungumza na diski). Ndipo inapokuja skrini ya bluu yenye 0x7B, yaani Windows imeshindwa kuifikia diski yake.

Kisha RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Acha kijiti kimoja tu, sugua miguu yake kwa kifutio cha penseli (unyevu wa hapa ziwani hauihurumii), uendeshe Memtest86+ (programu ya kupima RAM) mzunguko mzima.

Mfumo wa Linux ukitoa skrini nyeusi baada ya menyu ya kuwasha, washa upya, bonyeza e kwenye menyu hiyo, ongeza nomodeset (huzuia viendeshi vya picha kubadili skrini) mwisho wa mstari unaoanza na linux, halafu F10.

Ila Core 2 Duo, prosesa ya zamani ya Intel, haina amri ya POPCNT ambayo Windows 11 toleo la 24H2 inaidai, hivyo toleo hilo haliwaki humo. Usimalizie bando lako kulipakua.

Fundi kompyuta,
Kirumba, Mwanza