Barua kwa rafiki yangu wa Nakuru: kabla hujaisoma programu yote upya

Kisumu, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nimefurahi sana kusikia mama ameanza kutembea hadi shambani mwenyewe. Mfikishie salamu, umwambie Desemba nitakuja kumwona, Mungu akipenda.

Sasa hilo linalokunyima usingizi. Unasema programu uliyorithi, iliyoandikwa kwa lugha ya Fortran, ile ya kukadiria kina cha Ziwa Nakuru, inatoa jibu moja kwenye kompyuta yako na jingine kwenye ile ya ofisini, na kwamba umeanza kuisoma upya tangu mstari wa kwanza. Nakuomba uache. Nilifanya hivyo hivyo mwaka jana, na kuna mtu aliyeumia wakati mimi nikisoma.

Unakikumbuka kile kikundi cha akina mama wauza samaki cha Dunga nilichokiandikia programu kwa lugha ya C. Kila mmoja analeta samaki wake kwenye mizani, uzito unaandikwa kwa gramu, na mwisho wa mwezi analipwa baada ya kukatwa deni lake. Aprili hesabu ilikuwa safi. Mei ikaharibika: mama mmoja aliyekuwa na deni la shilingi 900 akaandikiwa 4200. Juni ikawa safi tena, Julai ikaharibika. Kila mtu, nikiwemo mimi, alimtazama kijana anayeshika daftari. Hakuwa na la kujitetea. Wiki mbili nilisoma ile programu nikaona haina kosa, na kila siku niliyosema haina kosa ilikuwa kama kumshtaki upya.

Sikujiuliza Mei na Julai zina nini ambacho Aprili na Juni hazina. Zina tarehe 31. Nilikuwa nimetenga visanduku 31 vya uzito, na C huanza kuhesabu kutoka 0, kwa hiyo cha mwisho ni namba 30. Mimi niliweka tarehe kama ilivyo. Uzito wa tarehe 31 ukavuka mpaka na kuangukia kwenye nafasi inayofuata katika rekodi ya yule mama, na inayofuata ilikuwa deni. Siku hiyo alikuwa ameleta kilo nne na gramu 200. Deni: 4200. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa programu ya kuendeshwa, haikuweza kunionya mapema kwa sababu tarehe ilisomwa kutoka kwenye faili. Kosa lilizaliwa programu ikiwa inaendeshwa, na C haikagui mpaka wa safu, yaani wa vile visanduku vilivyopangwa mfululizo, usipoiambia.

Hatimaye niliijenga upya kwa `-g -fsanitize=address`, chaguo la kompaila la kunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu. Kimya, hakuna kosa lililotajwa. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo laiti ningelijua mapema: chaguo hilo huweka uzio kati ya kigeu kimoja (nafasi yenye jina inayohifadhi thamani) na kingine, haliweki uzio ndani ya rekodi moja. Nikaongeza `-fsanitize=undefined`, nikaendesha data ya Mei, na kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi likatajwa faili, mstari, na namba 31 kwamba imetoka nje ya safu ya 31. Sekunde chache, baada ya wiki mbili! Na ujue hilo la pili huandika kosa kisha huiacha programu iendelee; ukitaka isimame papo hapo, ongeza `-fno-sanitize-recover=undefined`. Mimi napenda isimame.

Kesho yake nilikwenda Dunga, nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu. Kijana alinyamaza muda mrefu.

Kwako ni Fortran, basi dawa ni tofauti kidogo. Kwa gfortran, kompaila ya Fortran, jenga hivi:

`gfortran -g -O0 -Wall -fbacktrace -fcheck=all -finit-real=snan -ffpe-trap=invalid,zero,overflow`

Majibu yanayobadilika kutoka kompyuta moja hadi nyingine hunifanya nishuku kigeu kinachotumika kabla ya kupewa thamani: kila mashine inaokota takataka yake yenyewe kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana ya `snan`. Kinajaza namba zako za desimali kitu kisicho namba, na `invalid` inaisimamisha programu pale hesabu ya kwanza inapokigusa. Moja bila nyingine hazikusaidii vile, ziweke pamoja. Nayo `-fcheck=all` itakamata namba za safu zilizovuka mpaka na kukutajia mstari.

Lakini usiamini ukimya upesi, maana nimeshaumwa nao. Ujazaji huo haufiki kwenye safu unazozitengea nafasi kwa `allocate`. Hizo zijaze mwenyewe. Na programu za zamani kama yako hupenda kupokea safu kwa nyota, yaani `A(*)`. Hapo kompaila haijui safu inaishia wapi, kwa hiyo ukaguzi wa mpaka hauna cha kupimia. Zitafute hizo kwanza, uziandike `A(n)` au `A(:)`. Ukichagua `A(:)`, subrutini (kile kipande cha programu kinachopokea safu) iwe ndani ya moduli, ili kompaila ijue umbo la safu. Nadhani nusu ya taabu yako imo humo, ingawa sijaiona programu.

Itakwenda polepole zaidi. Iache iende. Tumia data ya miezi michache, si ya miaka yote, na uchague miezi ambayo majibu yanatofautiana. Ukimaliza kutafuta, rudisha `-O2`, chaguo la kuongeza kasi, kwa kazi ya kila siku; mimi `-fcheck=bounds` naiacha humo kazi inapovumilia.

Na yule mwenzako uliyesema anaingiza vipimo vibaya, tafadhali usimwambie neno lolote kabla ya kuendesha hii. Nitumie mstari wa kwanza utakaotajwa, hata kama ni usiku.

Wako wa siku zote