Barua ya wazi kwa mjomba: mpwa wako anaandikwaje Kireno?

Mjomba, shikamoo.

Picha ya mpwa wako aliyepotea Palma, kaskazini mwa Msumbiji, imezunguka magrupu ya WhatsApp kuanzia Mtwara mjini mpaka Newala, na namba yako ya simu chini yake. Ifute. Namba hiyo ndiyo anayoitaka tapeli atakayepiga kusema, "Tumempata, tuma nauli." Huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu ni bure.

Nenda tawi lao la mkoa, wewe au mama yake. Ombi ni la ndugu tu. Anayemdai hela hana nafasi pale. Na usifike na jina moja. "Saidi Hasani wa Palma" wako wangapi? Tena ng'ambo ya Ruvuma karani huandika kwa Kireno: Saidi huwa Saíde, Hasani huwa Assane, Mohamedi huwa Momade, Yusufu huwa Issufo. Mtu anaweza kuwa yumo kwenye orodha na asionekane kwa sababu ya herufi mbili. Toa tahajia zote, na jina la utani pia, maana huenda kambini hakuna anayemjua kwa lingine. Taja baba, mama, babu, kijiji. Na kwa kuwa sisi twahesabu ukoo kwa mama, jina lako wewe mjomba lisikose.

"Alipotea vitani" haisaidii. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu wakatawanyika: wengine kwa boti hadi Pemba ya Msumbiji, wengine kwa miguu kuelekea Nangade na Mueda. Sema alionekana mara ya mwisho wapi, lini, akiwa na nani.

Ukipewa na Msalaba Mwekundu karatasi ya kumwandikia ujumbe, andika habari za nyumbani tu. Haifungwi kwenye bahasha, na husomwa njiani. Ukitaja askari au siasa haitafika.

Akipatikana, anwani yake haitolewi mpaka akubali mwenyewe. Usinune. Ukibadili laini, rudi ukawape namba mpya, jibu lisije likakuta simu imefungwa.

Halafu yule mtoto aliyevuka mto na majirani: apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii aandikishwe, hata kama mnamlea vizuri. Nguo alizokuja nazo zitunzwe, na maneno anayosema kuhusu kwao yaandikwe kama anavyoyatamka. Nimesikia shangazi ameanza kumwita Baraka. Aache, amwite jina alilokuja nalo.