Barua ya wazi kwa Makamu wa Rais wa Masuala ya Wanafunzi: Septemba 15 haisubiri fomu

Mheshimiwa Makamu wa Rais,

Salamu. Barua hii inakufikia kwa lugha tatu. Ya Kihispania wameiandika wenzetu wa vyama vya wanafunzi Walatino, ya Kiingereza ilishafika ofisini kwako, na hii ya Kiswahili ni ya wanafunzi na wazazi wa Kikongo, Kirundi, Kikenya na Kitanzania tulio nao hapa Texas. Chama chao kinatumia stoo ileile, kumbi zilezile na mfuko uleule wa ada. Kinachowakwamisha Walatino mwezi Septemba, wanapoandaa Mwezi wa Urithi wa Kihispania unaoanza tarehe 15, ndicho kitakachotukwamisha sisi tukiandaa usiku wetu wa Afrika mwezi Februari. Mwenzetu ananyolewa, nasi tumeshaanza kutia maji.

Tunaomba jambo moja: uandikishaji wa vyama vya wanafunzi umalizike kabla ya likizo ya kiangazi, siyo baada ya muhula wa vuli kuanza. Mengine yaliyomo humu yanatokana na hilo.

Hesabu yenyewe ni hii. Siku ya kwanza ya muhula ndipo mfumo wa uandikishaji unapofunguliwa. Chama kinapeleka katiba, majina ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pamoja na sahihi ya mlezi ambaye ni lazima awe mwajiriwa wa kudumu wa chuo. Ofisi inajipa siku 10 za kazi kujibu. Ukumbi hauombwi mpaka chama kikubaliwe, na ombi la ukumbi nalo linatakiwa siku 10 za kazi kabla ya shughuli. Muhula ukianza Jumatatu, Agosti 25, kama ilivyokuwa 2025, na Sikukuu ya Wafanyakazi ya Septemba mosi ikiondolewa, jibu linatoka Septemba 9 na ukumbi unapatikana Septemba 23. Hapo hakuna karatasi hata moja iliyorudishwa kwa kukosa sahihi. Kamati ya fedha nayo inakaa mara ya kwanza wiki ya tatu ya Septemba, kwa hiyo hata mwenye ukumbi hana senti.

Mwezi wa Urithi wa Kihispania unaanza Septemba 15 na kwisha Oktoba 15. Vyama havikujichagulia tarehe hizo. Maadhimisho yalianza kama wiki mwaka 1968, yakawa mwezi mwaka 1988. Yanaanzia katikati ya Septemba kwa kuwa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kostarika zinasherehekea uhuru tarehe 15, Meksiko tarehe 16, Chile tarehe 18. Kwa Wameksiko shughuli kubwa ni usiku wa kuamkia tarehe 16, wanapokumbuka mwito wa padri Miguel Hidalgo katika mji wa Dolores mwaka 1810. Ukumbi ukipatikana tarehe 23, usiku huo umeshapita, na kuuhamishia Oktoba ni sawa na kuswali Idi wiki moja baada ya mwezi kuandama.

Tunajua jibu linalotolewa: sheria imebadilika. Ni kweli, sheria ya Texas inayojulikana kama SB 17, inayopiga marufuku ofisi za DEI (utofauti, usawa na ujumuishaji) katika vyuo vya umma, ilianza kazi Januari 1, 2024, na vyuo vya umma vikafunga ofisi zilizokuwa zikiwahudumia wanafunzi kwa misingi ya asili zao. Lakini sheria hiyo isomwe mpaka mwisho. Kifungu 51.3525 cha Kanuni ya Elimu ya Texas, kifungu kidogo (d), kinasema marufuku yake hayagusi shughuli za chama cha wanafunzi kilichoandikishwa au kutambuliwa na chuo. Hayagusi pia wazungumzaji wageni na wasanii wanaoalikwa kwa muda mfupi. Kwa hiyo ombi la bendi ya mariachi, yaani wanamuziki wa jadi wa Meksiko, kupiga kwa muda wa saa mbili likirudishwa na maneno "halilingani na sheria", aliyelirudisha hakuifungua sheria. Kuhusu fedha, tangu kesi ya Southworth ya mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Marekani imeweka sharti kwamba ada za lazima zigawiwe vyama bila kuangalia msimamo wa chama. Kamati iulize bajeti, idadi ya watu na risiti. Isiulize kama shughuli "ina utambulisho mno".

Upande wa vyama nao una makosa, na tungependa uyasikie kutoka kwetu. La kawaida kuliko yote ni katiba za zamani zinazosema wanachama ni "wanafunzi Walatino". Sentensi hiyo inaangusha katiba nzima, na kwa haki, kwa sababu chama kinachotumia fedha na kumbi za chuo cha umma hakitakiwi kumfungia mtu mlango kwa asili yake. Dawa yake ni mstari mmoja: uanachama uko wazi kwa kila mwanafunzi aliyesajiliwa anayekubaliana na malengo ya chama. Malengo yenyewe yanaweza kuendelea kuwa ya Kilatino waziwazi. Ofisi ikitoa katiba ya mfano yenye mstari huo mwezi Machi, nusu ya karatasi zinazorudishwa kila Agosti hazitakuwepo.

Mlezi ni tatizo la pili, na hili haliko mikononi mwa wanafunzi. Wafanyakazi waliokuwa wakilea vyama hivi walikuwa hasa wa ofisi iliyofungwa. Waliobaki wanaogopa kutia sahihi, wakidhani kulea chama cha Walatino ni kuvunja sheria. Waraka wako wa ukurasa mmoja kwa idara zote, unaosema kwamba kuwa mlezi wa chama kilichoandikishwa hakukatazwi, ungefanya kazi kuliko mikutano kumi ya kututuliza.

La tatu ni benki. Viongozi wanabadilishwa Mei, kila mtu anarudi kwao, na Agosti inagundulika kwamba waliosajiliwa kutia sahihi kwenye akaunti ni wawili waliokwisha kuhitimu. Benki inataka muhtasari wa kikao cha uchaguzi, namba ya kodi ya chama kutoka IRS (idara ya kodi ya Marekani), na watia sahihi wapya wafike wenyewe na vitambulisho. Uchaguzi ukifanyika wiki ya kwanza ya Aprili, wa zamani na wapya wanakwenda benki pamoja kabla ya mitihani. Ukifanyika Mei, hela inalala mpaka Oktoba na mariachi wanakopwa. Na mariachi hakopeki. Chuo chenyewe kikiwalipa ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu ni lazima kwanza waandikishwe kama wauzaji kwa Fomu W-9 ya kodi, na hatujaona hilo likimalizika chini ya wiki tatu.

Sasa pendekezo la kwamba vyama vyote viungane kuwa "chama kimoja cha Kihispania" ili kupunguza karatasi. Mheshimiwa, hili lingekuwa kosa, na tunadhani limetoka kwa mtu aliyeangalia majina tu. Chama cha wahandisi ni tawi la SHPE, jumuiya ya kitaifa ya wahandisi wa Kihispania, iliyoundwa Los Angeles mwaka 1974. Kazi yake ni maonyesho ya ajira na mkutano mkuu wa kitaifa, na tawi likipoteza jina linapoteza nafasi hiyo. Vyama vya udugu vya wanaume na vya wanawake (fraternity na sorority) vina nasaba zake: Phi Iota Alpha inajihesabu tangu 1931, Lambda Theta Phi na Lambda Theta Alpha zote mbili zilianzia chuo cha Kean, New Jersey, mwaka 1975, na taratibu zao za kupokea wanachama haziwezi kukaa katika katiba ya kikundi cha ngoma. Wenye kurithi siasa za MAYO, jumuiya ya vijana Wamarekani wenye asili ya Meksiko, iliyoanzishwa San Antonio mwaka 1967, wana ajenda zao. Wavenezuela wana yao, na wakati mwingine hawasalimiani vizuri na hao wa siasa. Kuwaweka chini ya mwenyekiti mmoja ni kumpa kijana wa miaka 20 kazi iliyowashinda wanadiplomasia.

Kuhusu amana ya uharibifu wa ukumbi, tunaomba meneja wa majengo afanye jambo moja. Achukue kiatu cha mchezaji wa folklórico, ngoma ya jadi ya Meksiko, akigeuze. Ataona ncha ya soli na kisigino vimejaa vichwa vya misumari midogo, imepigiliwa ikabanana mpaka ni kama bamba la chuma. Mlio wa misumari hiyo ndio ngoma yenyewe. Ukimchezesha juu ya zulia, ngoma imekufa. Ukimchezesha juu ya sakafu ya ukumbi mkuu, vanishi inachubuka na chama kinaletewa ankara. Vikundi vyenye uzoefu vinabeba sakafu yao. Plaiwudi sita za futi 4 kwa 8, unene wa robo tatu ya inchi, zikipangwa tatu kwa mbili zinatoa jukwaa la futi 12 kwa 16. Chini kunatandikwa zulia kuukuu ili mchanga usikwaruze, na maungio yanazibwa kwa utepe mpana wa gundi, la sivyo kisigino kinanasa na mtu anateguka. Jukwaa hilo linatosha wachezaji wanne wa sketi za jimbo la Jalisco, Meksiko, siyo zaidi, kwa jinsi sketi hizo zinavyofunguka pande zote. Plaiwudi nyembamba ndiyo inayoponza: inapinda katikati, kona zinainuka, na mlio unakuwa wa debe. Kikundi kinachokuja na sakafu yake kisidaiwe amana ya sakafu.

Chakula ni kifupi. Mkataba wa chuo na kampuni ya chakula unazuia kuleta chakula cha nje, na kampuni hiyo haipiki tamale. Tamale ni unga wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa, ukakandwa na mafuta, ukatiwa nyama, ukafungwa kwenye ganda la hindi na kupikwa kwa mvuke. Mtu wa Kisangani akumbuke kwanga, ila hii si ya muhogo. (Waislamu waulize kwanza, mafuta ya asili ni ya nguruwe, ingawa za mafuta ya mimea zipo.) Watu 120 kwa tamale tatu kila mmoja ni 360, yaani dazeni 30, na mpishi mwenye leseni anazileta za moto ndani ya deli lililotandikwa taulo. Kanuni ya afya inataka zisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi. Kipimajoto kimoja kinamaliza ubishi huo. Tunaomba fomu ya msamaha kwa vyakula ambavyo kampuni yenyewe inakiri haviwezi.

Na madhabahu ya Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2: mishumaa iwe ya betri, na ubani wa kopali usichomwe ndani kabisa, kwa kuwa unaamsha king'ora cha moshi na jengo zima linatolewa nje. Karatasi zilizokatwa nakshi ziwe mbali na taa za joto. Vyama vimeshakubali yote hayo kwa maandishi. Kilichobaki ni mkaguzi wa moto kupangiwa siku ya kufika, kwani mwaka jana ruhusa yake ilitoka Novemba 3.

Kwa hiyo tunapendekeza: katiba ya mfano itolewe Machi, uchaguzi uwe wiki ya kwanza ya Aprili, uandikishaji ufunguliwe Aprili 15 na kufungwa Mei mosi, kumbi za kuanzia Septemba 15 mpaka Oktoba 15 ziombwe kuanzia wiki inayofuata, na kamati ya fedha ikae kikao kimoja cha ziada kabla ya mahafali. Kikao hicho hakiongezi dola hata moja kwenye bajeti.

Plaiwudi sita ziko stoo, nyuma ya ngazi ya dharura, zimeegemezwa ukutani. Meneja wa majengo anaweza kuja kuzipima siku yoyote ya kazi; ufunguo uko kwa mweka hazina wa chama cha Waafrika.

Wako katika kazi,

Walezi na waweka hazina wa zamani wa vyama vya wanafunzi