Maktaba za rejista zisomwe darasani, zisipigwe marufuku

Ndugu Mhariri,

Barua iliyochapishwa katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita ilivitaka vyuo vya ufundi viwakataze wanafunzi kutumia maktaba za programu, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine, wanapojifunza maikrokontrola, zile kompyuta ndogo zilizo ndani ya chipu moja, kwa hoja kwamba maktaba hizo huwaficha vijana kinachotendeka ndani ya chipu. Nikiwa mwalimu wa elektroniki, ugonjwa alioutaja mwandishi nauona kila muhula. Dawa yake ndiyo inayonitia shaka.

Tuchukue chipu ya ATmega328P, iliyomo katika bodi za Arduino Uno za toleo la tatu ambazo karakana nyingi zinazo. Taa ya LED ya bodi hiyo imeunganishwa na pini ya 13, ambayo kwa chipu yenyewe ni biti ya 5 ya rejista iitwayo PORTB, na rejista hiyo si kitu cha ajabu: ni baiti moja ya kumbukumbu (biti nane, kila moja 0 au 1) yenye anwani 0x25, na biti zake ndizo swichi za pini. Maktaba ya avr-libc huipa anwani hiyo jina, ili mtu aandike PORTB badala ya kukariri namba, tena huitangulizia neno volatile, linaloizuia kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya chipu) kuruka usomaji au uandishi wowote wa mahali hapo hata ikiuona hauna faida. Aliyewahi kulisahau neno hilo, programu yake ikangoja kitufe ambacho kilikwisha kubonyezwa zamani, hahitaji kuelezwa thamani yake.

Mwandishi alilalamika zaidi juu ya amri ya digitalWrite, ile ya Arduino ya kuwasha au kuzima pini, kwamba ni nzito. Ni kweli. Huchukua makumi ya mizunguko ya saa ya ndani ya chipu, ilhali agizo moja la chipu, sbi, huwasha pini hiyohiyo kwa mizunguko 2, yaani nanosekunde 125 saa inapokwenda kwa megahezi 16. Hata hivyo hakutueleza muda huo unakwenda wapi. Ukiifungua maktaba utaona kwamba amri hiyo hutafuta kwanza katika majedwali pini ni ya rejista gani na biti gani, huzima mapigo ya taima kama pini inayatumia, huzuia intarapti (ishara inayoikatiza programu kuu ili kazi nyingine ifanywe kwanza), ndipo huandika, kisha huirejesha hali ya intarapti kama ilivyokuwa.

Hilo la kuzuia intarapti nililielewa vizuri kwa hasara. Mwanafunzi wangu mmoja alitengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga, akajivunia kwamba hakutumia maktaba ya Arduino hata mahali pamoja. Relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya hita na taa ya ishara zilikuwa katika PORTB, na biti ya taa aliichagua kwa kigeugeu, yaani thamani inayoweza kubadilika programu inapokwenda, hivyo kompaila haikuweza kutumia sbi: ilibidi isome rejista, iunganishe biti, kisha iiandike upya. Siku moja intarapti iliingia katikati ya hatua hizo na kuizima hita, na programu kuu, iliyokuwa bado imeshika thamani ya zamani, ikaiwasha tena. Kwa kuwa amri ya kuzima alikuwa ameipanga itoke mara moja tu joto linapofikia kiwango, hita iliendelea kuwaka hadi asubuhi, na trei nzima ya mayai ikaharibika. Tulitafuta kosa hilo siku tatu, kwa sababu halikujirudia tulipolitaka lijirudie.

Chipu za STM32, aina nyingine ya maikrokontrola, zina jibu lao katika maunzi yenyewe, yaani rejista ya BSRR, ambayo huwasha au kuzima biti kwa kuandikiwa tu, bila kusomwa kwanza. Lakini mwanafunzi asiyejua ubaya wa kusoma na kuandika upya hataona kwa nini rejista hiyo iliwekwa.

Kwa hiyo napendekeza somo la rejista lianze na karatasi iliyochapishwa msimbo wa digitalWrite wenyewe, wanafunzi waulizwe kila mstari uliwekwa kwa ajili gani, kisha wauondoe mmoja baada ya mwingine na kuangalia kinachoharibika. Msimbo huo ni mfupi, uko wazi kwa yeyote, na huja pamoja na programu ya Arduino inaposakinishwa, hivyo mwalimu hahitaji bajeti wala kibali cha mtu kuugawa darasani kesho.

Mwalimu wa elektroniki,
Morogoro